Uliza Ujibiwe: gauni la kikapu na hatua nne kwa mapigo sita

Naona kuna mtu Nyali ana kadi nyingi za kugawa, manake mwezi huu maswali matatu yote yameangukia dansi moja, ile ya kuvaa kama watu wa Ulaya wa miaka 300 iliyopita na kucheza muziki wa kibaroko. Haya, tuyajibu.

SWALI: Asalaam aleikum. Mimi ni fundi cherehani Majengo, kazi yangu zaidi ni mabuibui na gauni za harusi. Mteja kaniletea picha ya gauni limetanuka kiunoni huku na huku kama meza, na anataka kulichezea. Wallahi naogopa, juzi tu nimemshonea bibi harusi gauni nikatia waya chini, siku yenyewe likakataa kupita mlango wa gari, ikabidi aende ukumbini amesimama nyuma ya pikapu. Nianzie wapi?

JIBU: Waaleikum salaam dadangu, nimecheka kwanza, nisamehe. Hicho cha kiunoni Wafaransa wanakiita panier, maana yake kikapu tu, na kweli zamani kilitengenezwa kama kikapu, henzirani ndani kitambaa juu. Lakini sikiliza, baroko ni muda mrefu, kama 1600 mpaka 1750, na kikapu kilikuja huku mwishoni, kwenye 1718 hivi ndo kikashika Paris. Kabla yake walivaa mantua, gauni lililo wazi mbele, ndani sketi inaonekana, na mkia wake unabanwa nyuma. Huyo mteja mshawishi achukue mantua. Litaingia kwa tuktuk, na bado litakuwa la kibaroko halali kabisa.

Kitambaa usifuate picha. Wao walivaa hariri nzito ya maua kwa sababu kwao baridi, wewe na kaskazi hii ilivyo tia pamba nyepesi, hariri iwe mbele tu panapoonekana. Koseti iwepo lakini usiikaze, anacheza huyo, anataka pumzi. Mikono iishie kwenye kiwiko halafu lesi ining'inie, mimi ningeweka pindo la leso badala ya lesi lakini huyo ni mimi. Na akija kufiti aje na viatu atakavyovaa, mwambie akunje magoti, anyanyuke kwa vidole, azunguke, ainue mikono mpaka usawa wa kifua. Likivuta kwapani fumua. Pindo la chini liache vifundo vya miguu vionekane, manake dansi yenyewe iko huko chini, ukifunika miguu umefunika kila kitu.

SWALI: Mimi kijana wa Likoni, nimealikwa na bosi wangu kwenye hiyo dansi. Nguo nimepata ya kuazima, koti refu na suruali ya magotini, soksi nyeupe juu. Hatua sijui hata moja, mimi ni mtu wa bongo na taarab za maharusini. Si nitaaibika?

JIBU: Ukienda bila kujifunza utaaibika, sikufichi. Wenzio walikuwa wanaichukulia kama kazi. Louis wa 14 wa Ufaransa alicheza mbele ya watu mwaka 1653 amevaa kama jua, na alikuwa na miaka 14 tu, na 1661 akaanzisha chuo cha kifalme cha dansi. Mwaka 1700 mwalimu wa dansi Mfaransa, Feuillet, akatoa kitabu cha kuandika hatua kwa mistari kwenye karatasi, ndo maana hadi leo mtu anaweza kuzisoma kama nota na akacheza vile vile.

Ngoma ya kujifunza kwanza ni minueti. Muziki unahesabu tatu tatu, wewe unganisha mara mbili upate sita, na ndani ya hizo sita miguu inakanyaga mara nne: moja kulia, mbili unangoja na kukunja goti, tatu kushoto, nne kulia, tano kushoto, sita unakunja tena. Jaribu sasa hivi hapo ulipo, mara ya kwanza utachanganyikiwa kwenye ile mbili. Kiuno kitulie kabisa, hapa sio chakacha. Mnacheza wawili wawili wengine wanatazama, mnainamia wakubwa kwanza halafu mnainamiana, kisha mnapita sakafuni mkichora kama herufi Z. Ukiona imekushinda subiri kontradansi, hiyo ni watu wengi kwenye mistari miwili wanaangaliana, ukikosea jirani anakuvuta.

Na muziki usiuogope, una ndugu zako mle. Ile lute ya Wazungu na ile kubwa yenye shingo ndefu inayoitwa theorbo zimetokana na udi, udi huu huu wa taarab, hata hilo jina lute wamelichukua kwa Waarabu. Obo nayo mdomoni ina tete mbili kama nzumari zetu. Hapsikodi inafanana na piano lakini nyuzi zake zinadonolewa, hazigongwi, kwa hiyo ukibonyeza kwa nguvu ama polepole sauti ni ile ile. Kwanza hilo neno baroko lenyewe linasemwa limetoka kwa Wareno, barroco, lulu isiyo duara vizuri. Na Wareno wenyewe si walikuwa hapa, tangu 1593 wanajenga Fort Jesus, na ile miaka Waomani wamewazingira humo, 1696 mpaka Desemba 1698, ndio miaka watu wa Versailles, jumba la mfalme wa Ufaransa, wanainamiana kwa minueti. Huku watu wanakufa njaa ukutani, kule wanahesabu sita.

SWALI: Ni lazima kinyago?

JIBU: Kama kadi haikusema, nenda na uso wako. Vinyago zaidi ni mambo ya kanivali ya Venice, na hata wao walikuwa na akili, kile cha bauta kimechomoza mbele ya mdomo ili mtu ale na anywe bila kukivua. Ukinunua, chukua cha kufunga kwa utepe. Cha lastiki kinakatika katikati ya kuzunguka, na utakiokota chini ya gauni la mke wa mtu.