Barua ya kodi ya chumba ikikufikia Uingereza

Mwaka 2013 nilimpigia mama simu Tanga nikamwambia nimekatwa kodi ya chumba. Akanyamaza, kisha akauliza, "Kwani umeitoka ile nyumba, sasa unapanga chumba?" Nilicheka, na machozi yalikuwa karibu. Kiswahili chetu kinaita kodi kile unachomlipa mwenye nyumba na kile unachoilipa serikali, na hii ya kwangu haikuwa hata mojawapo. Ni makato kwenye msaada wa kodi. Waingereza wa mtaani wameibatiza bedroom tax, serikali ikasema inaondoa ruzuku ya chumba cha ziada, na kwenye pochi vyote viwili vilikuwa sawasawa.

Sheria ilipitishwa 2012 na makato yakaanza tarehe 1 Aprili 2013. Yanamhusu anayepanga nyumba ya kaunsili, yaani serikali ya mtaa, au ya shirika la nyumba, hajafika umri wa pensheni, na anasaidiwa kodi kwa Housing Benefit, ule msaada wa zamani, au Universal Credit, posho ya pamoja iliyokuja kuchukua nafasi yake. Wakiona una chumba kimoja cha kulala kilichozidi, msaada wako wanaupunguza kwa 14% ya kodi wanayoikubali. Viwili au zaidi, 25%. Kodi yangu ilikuwa pauni 96 kwa wiki, hivyo nikatakiwa kutoa mfukoni pauni 13 na peni 44 kila wiki. Kwa mwaka inakaribia pauni 700, nami nilikuwa nasafisha ofisi alfajiri tu.

Chumba chenyewe kilikuwa cha tatu, kile kidogo, kitanda kimoja na cherehani. Sisi tulikiita chumba cha wageni, na ndipo wengi wetu tunapojiponza. Mtu wa kaunsili akipiga simu kuuliza, tunajibu kwa fahari kwamba tuna chumba cha wageni. Sheria ile haimjui mgeni. Inawajua tu wanaoishi humo, umri wao na jinsia yao.

Hesabu yao ni hii. Mume na mke, chumba kimoja. Kila mwenye miaka 16 au zaidi, chumba chake. Watoto wawili wa jinsia moja walio chini ya miaka 16 wanalala pamoja. Watoto wawili walio chini ya 10 wanalala pamoja, hata kama mmoja ni wa kike na mwingine wa kiume. Binti yangu alikuwa na miaka 9, kaka yake 7, kwa hiyo kwa macho yao chumba cha tatu kilikuwa cha ziada kweli.

Mwezi Juni binti akatimiza miaka 10. Nikampikia pilau, tukakata keki, nikaendelea kulipa zile pauni 13 na peni 44. Hakuna aliyeniambia kwamba siku ile ile ya keki chumba kile kiliacha kuwa cha ziada, maana msichana wa miaka 10 halazimishwi tena kulala na kaka yake. Tarehe ya kuzaliwa walikuwa nayo kwenye faili siku zote. Nililipa hadi Januari, mpaka jirani yangu Mkongomani aliponiuliza watoto wana miaka mingapi, kisha akashika kichwa. Niliandika barua na kuambatanisha nakala ya cheti cha kuzaliwa. Fedha zilirudi kwenye akaunti yangu ya kodi, bila neno la samahani. Tangu hapo kalenda yangu ya ukutani ina alama nyekundu kwenye siku mbili za kila mtoto, ya 10 na ya 16, na siku hiyo naandika mwenyewe.

Jirani huyo naye alikuwa na lake. Mumewe analala na mashine ya kumsaidia kupumua, inanguruma usiku kucha, na mke alikuwa amehamia chumba cha pili kwa miaka. Mwanzoni waliambiwa mume na mke ni chumba kimoja, basi. Novemba 2016 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kwamba kuwakata wenza wasioweza kulala pamoja kwa sababu ya ulemavu ni ubaguzi, na kanuni zikabadilishwa Aprili 2017. Lakini ni lazima mgonjwa awe anapata posho ya ulemavu inayostahili, na barua ya daktari inasaidia sana. Vivyo hivyo kwa mtoto mlemavu asiyeweza kulala na mwenzake, na kwa anayehitaji mlezi wa kuja kulala usiku. Usione aibu kuyaeleza haya. Najua kwetu mambo ya chumbani hayasemwi, ila hapa ukinyamaza unalipa.

Ukiona hesabu yao si sahihi, una mwezi mmoja tangu tarehe ya barua kuomba waangalie upya. Wakikataa, unakwenda kwenye baraza huru la rufaa, na huko hakulipiwi. Usiende peke yako. Ofisi za Citizens Advice, shirika la ushauri, husaidia bure.

Na kama hesabu yao ni sahihi? Kuna msaada wa muda wa kodi, unauomba kaunsili; wakati wangu uliitwa Discretionary Housing Payment. Wataka taarifa za benki, na hapo ndipo mimi nilipotoka jasho. Afisa alipitisha kidole kwenye karatasi akauliza hizi pauni 40 za kila mwezi zinakwenda Tanzania kufanya nini, wakati nasema sina. Sikuwa nimejiandaa. Ungeniona nilivyobabaika. Ukituma fedha nyumbani, andika mapema kabisa ni za nini: dawa za presha za mama, ada ya mdogo wako. Usizifiche, maana wanaziona. Nilipewa miezi sita, kisha ukaisha. Walioko Scotland wana nafuu, serikali yao hufidia makato haya kupitia fungu hilo hilo, lakini hakikisha umeomba.

Watu watakwambia hama. Nilijaribu kubadilishana nyumba na mpangaji mwenzangu. Nyumba za vyumba viwili ni adimu, na ukiwa na malimbikizo ya kodi mwenye nyumba anaweza kukuzuia mpaka ulipe. Ndiyo maana nasema pengo la kodi lililoachwa na makato lilipe kwanza hata kabla ya bili ya simu.

Sasa binti amemaliza chuo, anafanya kazi Leeds, na chumba kile kimerudi kuwa cha ziada kihalali. Niko Universal Credit, nakatwa karibu pauni 72 kwa mwezi. Safari hii nimempangisha msichana anayesomea uuguzi, pauni 75 kwa wiki, umeme ndani yake. Universal Credit haihesabu fedha ya mpangaji wa chumba, ingawa chumba bado wanakihesabu kuwa kimezidi. Ukiwa Housing Benefit kanuni ni tofauti, uliza kabla. Ndugu wa karibu, kama mzazi, mtoto au dada yako, hawezi kuwa mpangaji kwa macho yao. Na kama wewe ndiye mtu mzima pekee ndani, yule mpangaji anaweza kukupotezea punguzo la 25% la council tax, ile kodi unayoilipa serikali ya mtaa, basi piga hesabu zote kwanza. Mimi nilisoma mkataba, nikawaarifu kwa maandishi, nikaandikiana na msichana karatasi moja: bei, siku ya kulipa, notisi ya wiki nne. Cherehani nimeihamishia sebuleni, nyuma ya mlango.