Kanga wanaharisha damu: anzia sakafuni

SWALI: Habari za kazi, ndugu wahariri. Nina vifaranga 60 wa kanga, wana wiki nne. Wameshusha mabawa, wanajikunyata pamoja kama wana baridi, na kinyesi ni cha majimaji chenye damu. Tangu mvua zianze nimepoteza tisa. Wanakaa banda moja na kanga wakubwa na kuku. Jirani anasema ni mdondo. Niwape dawa gani?
Msomaji, Sikonge, Tabora

JIBU: Pole sana, ndugu yetu. Kwa umri huo na damu hiyo, tunashuku kwanza koksidia, yaani vijidudu vinavyoharibu utumbo na kuleta kuhara damu. Mdondo ungewapiga kuku wasiochanjwa kabla ya kanga, kwa kukoroma, shingo kupinda na kinyesi cha kijani. Mpelekee afisa mifugo kifaranga aliyekufa leo, si wa jana, ampasue aangalie utumbo.

Usisubiri, wape amproliamu, dawa ya koksidia. Ikiwa ni unga wa asilimia 20, changanya gramu 3 katika lita 5 za maji kwa siku tano hadi saba. Pima kwa mizani. Tengeneza maji mapya kila asubuhi na uondoe maji mengine yote bandani. Siku hizo usichanganye vitamini: dawa hii hufanya kazi kwa kumnyima kijidudu vitamini B1, nawe ukiiongeza unamlisha.

Dawa peke yake haitakuokoa. Mayai ya koksidia yakipata joto na unyevu huwa tayari kuambukiza ndani ya siku moja au mbili, na dawa za kawaida za kunyunyizia banda haziyaui. Toa pumba zote zilizolowa, hasa kuzunguka vyombo vya maji, utandaze maranda makavu unene wa sentimita 5 hadi 8. Shika konzi ukaminye: yakibaki donge, yamelowa. Inua vyombo vifike usawa wa mgongo wa kifaranga, na uzibe paa linalovuja.

Watenge na kanga wakubwa, maana ndio wanaowaambukiza. Koksidia wa kuku hawampati kanga. Hata hivyo kuku nao waondoke. Mayai ya minyoo yao hubeba kijidudu kinachoharibu ini la kanga, na hukaa hai ardhini kwa miaka. Dalili yake ni kinyesi cha njano kama kiberiti, na amproliamu haikitibu.

Tunalisisitiza hili kwa sababu wengi hawalijui: chakula cha vifaranga wa kuku chenye monensini, dawa ya kukinga koksidia, ni sumu kwa kanga. Kuku anakingwa nayo, kanga anakufa. Soma lebo ya mfuko. Isipotaja kilichomo, muulize muuzaji, na asipojua usinunue.

Chanjo ya mdondo aina ya I-2 ifanyike wakishapona, si sasa: tone moja jichoni, kurudia kila miezi mitatu.