Muulize Anti: Kikorea na watoto nyumbani, njiti za kiberiti zinatosha

*Shikamoo anti. Nina watoto wawili, wa miaka 4 na 6, nakaa Buzuruga. Baba yao ni fundi wa kuchomelea, alipiga kazi na Wakorea kwenye ile meli ya MV Mwanza pale bandari ya Mwanza Kusini, baadae akapata mchongo wa kwenda hukohuko Korea. Sasa kila akipiga simu ya video anawasemesha watoto Kikorea na wao wanaishia kucheka tu. Nataka niwafundishe lakini mimi mwenyewe sijui hata herufi moja, vitabu sijaviona madukani, bando nalo linauma. Naanzia wapi?* (Mama Wawili, Buzuruga)

Marahaba Mama Wawili. Kwanza yale maandishi yasikutishe, yanatisha kwa mbali tu. Aliyeyabuni ni mfalme, anaitwa Sejong, alimaliza kazi mwaka 1443 na 1446 yakatangazwa rasmi, na shida yake ilikuwa kwamba raia wa kawaida walishindwa kusoma kwa herufi za Kichina maana zile ni maelfu, sasa akatengeneza za kwao chache ambazo mtu anazishika haraka. Leo za msingi ni 24, yaani konsonanti 14 na vokali 10, na karibu zote ni vimstari vilivyonyooka. Kwahiyo vifaa vyako ni njiti za kiberiti (kata vile vichwa vya baruti kwanza, usiniletee kesi) pamoja na vizibo vya soda.

Wakalishe chini kwenye mkeka. Njiti mbili zikikutana kwenye kona ya chini kushoto, ㄴ, hiyo ni n. Igeuze kichwa chini inakuwa ㄱ, hiyo ni g. Njiti tatu ㄷ ni d, njiti nne zikifunga kiboksi ㅁ ni m. Kizibo cha soda ni ㅇ, hiki kinakaa mwanzoni pale ambapo silabi inaanza na vokali, hapo chenyewe hakina sauti.

Vokali ndo tamu zaidi. Kata boksi utoe mstari mmoja mrefu wenye kisikio kimoja katikati. Kisikio kikiangalia kulia ㅏ ni a, kikiangalia chini ㅜ ni u, kikiangalia juu ㅗ ni o, kikiangalia kushoto ㅓ ni sauti ya katikati ya a na o ambayo sisi hatuna, hiyo mwachie baba yao. Mstari mtupu uliosimama ㅣ ni i. Ona sasa, kipande kimoja cha boksi kimekupa vokali nne, mtoto wa miaka 4 atakizungusha mpaka achoke, na kila akikizungusha mwambie atoe sauti yake.

Halafu huyo wa miaka 6 si yuko kwenye ma me mi mo mu? Basi Kikorea kinaandikwa hivyohivyo silabi kwa silabi, kila silabi na kinyumba chake, a na i zinakaa kulia kwa konsonanti, o na u zinakaa chini yake. 마 ni ma, 모 ni mo. Akishajua hilo anaandika mama 마마, dada 다다, ukimwongezea ㅂ ya b anaandika bibi 비비, ukimwongezea ㅅ ya s na ㅋ ya k anaandika samaki 사마키, yaani jioni moja anaweza kuwa anaandika Kiswahili kwa herufi za Kikorea, na hapo ndo pa kuanzia kwa maoni yangu, maneno ya kigeni yaje baadae. Kuna sauti hazipo lakini. Z, f na v Wakorea hawana, kwahiyo kama ana rafiki anaitwa Zawadi itabidi awe Jawadi 자와디, watacheka sana. R na l nazo zina herufi moja tu, ㄹ, katikati ya vokali inasikika kama r na mwisho wa silabi inasikika kama l, ila sisi wa Kanda ya Ziwa hizo mbili tulishazichanganya toka zamani, haitatusumbua.

Matamshi usiyabebe wewe. Mwambie mzee awatumie voisi za WhatsApp, neno moja moja, fupi, hazili bando kama video na watoto wanazirudia hata mara ishirini.

*Anti, mimi nina madume matupu, wa miaka 7 na 9, kukaa chini na karatasi hawawezi. Wameona tamthilia za Kikorea kwa jirani wanataka kujua lugha, lakini dakika tano nyingi wanataka mpira.* (Baba wa Igoma)

Sasa baba, nani kakwambia wakae chini na karatasi? Tafuta mawe matano madogo, na hapo Mwanza ukikosa mawe basi umekosa macho. Wakorea wana mchezo unaitwa gonggi, ni ndugu kabisa wa mdako wetu ila hauna kishimo. Unamwaga mawe chini, unarusha moja juu, kabla halijarudi unaokota lingine. Raundi ya kwanza unaokota mojamoja, ya pili mawili mawili, ya tatu matatu kisha moja, ya nne yote manne kwa mpigo. Ya mwisho unarusha yote matano unayapokea kwa mgongo wa mkono, unayarusha tena unayadaka kwa kiganja, uliyodaka ndo pointi zako. Sharti la nyumbani kwako liwe moja tu, kuhesabu ni kwa Kikorea: hana, dul, set, net, daseot. Akihesabu kwa Kiswahili amepoteza zamu. Wiki hazitapita nyingi utawasikia wanagombana kwa Kikorea.

Nani aanze? Waamue kwa gawi bawi bo, ile ya mkasi, jiwe na kitambaa, wanaimba huku wanatoa mikono.

Wakiizoea hiyo wape yutnori, mchezo ambao Wakorea wanaucheza sana mwaka mpya wao wa kalenda ya mwezi. Pasua vijiti viwili katikati upate vinne, upande mmoja bapa mwingine wa mviringo, unavirusha vyote pamoja. Bapa moja ikiangalia juu ni do unasogea hatua moja, mbili ni gae, tatu ni geol, zote nne ni yut, zikilala zote za mviringo juu ni mo unasogea tano. Ukipata yut au mo unarusha tena. Ubao una vituo 29, uchore kwa mkaa kwenye boksi, kete ni vizibo.

*Anti naishi Nyegezi, nawaza niwapeleke watoto ufukweni wakachore herufi mchangani. Vipi?*

Wazo la mchanga zuri, la ufukweni hapana. Wakishafika pale utawazuia kuingia majini? Na maji ya kina kifupi pale ndo yenye konokono wanaobeba kichocho. Chota mchanga mkavu, weka kwenye sinia, wachorie sebuleni.

*Mwanangu, mimi ni bibi, nipo Kirumba na wajukuu. Mama yao anawafundisha Kikorea cha kwenye simu, mimi naongea nao Kisukuma, shuleni Kiingereza, mtaani Kiswahili. Hawatachanganyikiwa hawa?*

Shikamoo bibi. Hawachanganyikiwi. Mtoto mdogo anaweza kubeba lugha kadhaa kwa pamoja, akichanganya maneno kwenye sentensi moja ni hali ya kawaida tu, muda si mrefu anajua yupi anaongeleshwa nini. Kisukuma chako usikiache hata kidogo, tena usikubali kipunguzwe ili Kikorea kipate nafasi, hapo mama yao atakuwa amekosea hesabu.

Ila na wewe ingia mchezoni bibi. Wakorea wana heshima kama ya kwetu, mtoto mwenzako unamwambia annyeong, mtu mzima unainamisha kichwa unasema annyeonghaseyo, na kitu cha mkubwa unapokea kwa mikono miwili. Sasa fungua duka la kuigiza hapo kibarazani, panga ndizi, kikombe cha maji, mawe yawe hela. Mteja asiposalimia kwa annyeonghaseyo humuuzii. Akitaka ndizi aseme banana juseyo, maji ni mul juseyo, hiyo juseyo ni kama naomba. Na akinyoosha mkono mmoja, mrudishe mwisho wa foleni.