Mikutano ya wanaoacha pombe Unguja: pa kuanzia na yanayokusubiri ukifika

Waalaikumsalaam ndugu yangu wa Fuoni. Umeuliza kama Unguja ipo mikutano ya wanaoacha pombe, maana mtandaoni umeona ya Bara tu. Kama utalazimishwa kusema. Na kama mkeo anaweza kufuatana nawe. Ila katikati umetaja kwa kupitia tu kwamba asubuhi mikono inatetemeka mpaka upate kikombe. Nianze na hilo, ingawa hukuliuliza.

Aliyefika kutetemeka asiache ghafla peke yake. Arosto, yaani mateso ya mwili ukiacha, ya unga (heroini) inatesa, ya pombe inaweza kuua: degedege huja ndani ya siku mbili za mwanzo, na kuweweseka na kuona visivyokuwepo kati ya siku ya pili na ya nne. Nenda Mnazi Mmoja au Kidongo Chekundu. Daktari ana dawa za jamii ya diazepamu ambazo huzipunguza kidogo kidogo, na vitamini B1, ambayo mnywaji wa muda mrefu huwa imemwishia. Kiasi unachokunywa kitaje chote, kwani dozi inapangwa kwa hicho. Na Kidongo Chekundu isikutishe kwa sababu ya maneno ya mitaani. Hapo hapo pana kliniki ya methadoni, dawa wanayopewa wanaoacha unga, watu wanaingia na kutoka kila asubuhi, hakuna anayekukodolea macho.

Sasa mikutano. AA (Alcoholics Anonymous), umoja wa walevi wanaosaidiana kuacha, ilianzishwa Akron, Ohio, Marekani, mwaka 1935 na walevi wawili, mmoja mtu wa soko la hisa, mwengine daktari. NA (Narcotics Anonymous), ya waraibu wa dawa za kulevya, ikaja 1953 huko California, ikachukua hatua zile zile 12 za kuacha ulevi. Kwetu kilichotuumiza zaidi ni unga, soba, zile nyumba wanazolala wanaoacha, zikafunguliwa kwa ajili ya unga, ndiyo maana mitingi (mikutano) utakayoisikia mjini ni ya NA. Usiipite kwa kuwa wewe ni wa pombe. Kwa NA pombe ni dawa ya kulevya kama nyengine, na sharti la kuingia ni moja tu: utake kuacha.

Mimi ni mtu wa gongo na bia, unga sijauonja. Mwanzo nilikaa karibu na mlango nikitafuta tofauti: huyu alijidunga, yule alifungwa, mimi nina kazi na shati limepigwa pasi. Akashea kijana mmoja namna alivyokuwa akitafuna karafuu kila akikaribia kwao, mkewe asisikie harufu, mpaka watoto wakaijua: baba akinuka karafuu, wanakwenda kulala mapema. Mfuko wangu wa shati ulikuwa na karafuu wakati ule ule.

Kuipata mitingi, uliza soba yoyote: "Mitingi ya wazi ni lini, na wapi?" (ya wazi huingia hata asiye mraibu). Au muulize muuguzi wa hapo kliniki. Tovuti ya NA ina orodha ya mikutano duniani, lakini saa hubadilika, khasa Ramadhani, hivyo piga simu kabla hujapanda daladala. Ukitaka AA yenyewe, ipo kwa Zoom. Na usichanganye mambo: kulala soba kuna ada, mitingi ni bure. Kikapu cha mchango kitapita, mgeni anakipisha tu. Akikudai mtu kiingilio, ondoka.

Kusema si lazima. Ikifika zamu yako sema "nimekuja kusikiliza", wataitikia "karibu", basi. Mtu akishea hajibiwi wala hapewi nasaha, na mimi hilo ndilo lililonibakisha, kwa sababu nasaha nilishapewa za kutosha kwenye kila baraza. Mgeni hupewa kidude cheupe cha kutilia funguo. Ukitimiza siku 30 unapata cha rangi ya chungwa, 60 kijani, 90 chekundu.

Utakuja na hoja ya Ramadhani, najua: "Mimi si mraibu, mbona mwezi mzima naacha?" Wakongwe watacheka, si kwa dharau, wengi wao waliisema. Watakachokuuliza ni Idi mosi ulikuwa wapi. Na ile "nguvu iliyo kubwa kuliko sisi" inayotajwa kwenye hatua haigombani na dini yako. Wenzangu wengi wanatoka msikitini magharibi wanakuja moja kwa moja.

La kuonekana, sitakudanganya. Mji huu ukikohoa Mlandege, Kikwajuni wanakupa pole. Lakini aliyekaa kiti cha pili naye ana siri yake humo, na yanayosemwa ndani yanabaki ndani. Isitoshe, ndugu yangu, ukitoka kilabuni unayumba watu walikuwa hawakuoni?

Mkeo aje kwenye mitingi ya wazi. Ya waraibu peke yao hataingia. Kuna na Al-Anon, ya jamaa za wanywaji, iliyoanzishwa Marekani 1951. Mikutano yake ya mtandaoni anaweza kuifuata kwa simu, hata kama wewe bado unasitasita. Na usihukumu kwa mara moja. Chagua moja, uende wiki kadhaa mfululizo, ukae mpaka chai ya mwisho, maana namba za simu hupeanwa hapo kwenye chai. Ukitoka kwa daktari andika hapa, nitakuelekeza inboksi mitingi iliyo karibu na Fuoni.