Jibu: Vipele shingoni baada ya kunyoa kwa mashine ya wembe

Habari mkuu. Umesema mashavu yanatoka safi, ila shingo inabaki na vipele na damu hata ukiweka wembe mpya. Kabla hujanunua wembe mwingine, angalia ndevu za shingoni zimelalia wapi. Pitisha kidole taratibu: upande unaokwaruza ndio kinyume. Watu wengi nywele za chini ya taya huelekea juu au kulala ubavu, kwa hiyo ukishusha mashine kama shavuni unazinyoa kinyume. Zile za kujikunja hukatika chini ya ngozi, zikiota zinachoma ndani, na hapo ndipo kipele kinapoanzia.

Pili ni mkono. Usikandamize kabisa, uzito wa mashine unatosha. Laza kichwa chake kwenye ngozi, kisha shusha mpini polepole mpaka usikie wembe unaanza kukata, kama nyuzi 30 kati ya wembe na ngozi. Nyoa vipande vifupi, sentimita 2 hivi, na usuuze.

Povu likikauka kabla hujamaliza, ongeza matone ya maji kwenye brashi. Kwa wiki 2 za mwanzo, shingoni pita mara moja tu kila unaponyoa, hata vikibaki vinyweleo. Vipele vikitunga usaha, pumzisha wembe umwone daktari wa ngozi.