Bwana yangu ana mafuta ku ini, niache mawese?

SWALI: Dokta, jambo. Bwana yangu ana miaka 44, kilo 86, pombe hajawahi kunywa, lakini wamemufanyia ekografi wakakuta ini iko na mafuta mingi. Wamama wenzangu wananiambia niondoe mafuta yote ku chakula, sombe (majani ya muhogo) nichemshe na maji tu, na yeye anakataa kuikula. Njo mawese imemuharibu? – Mama wa Kadutu, Bukavu

JIBU: Mama, jambo sana, na pole. Usimunyime mafuta yote, atashindwa siku ya tatu na atarudilia bugali mbili kwa hasira ya njaa. Kwanza angalia sukari, juu sukari ikizidi ini yenyewe inaigeuza mafuta, hata kwa mutu asiyegusa pombe. Anakunywa sukre (soda) ngapi kwa siku? Chai yake ya asubuhi iko na vijiko ngapi? Hapo njo uanzie, mbele ya sombe.

Sasa mawese. Karibu nusu yake ni mafuta ile nzito, inayoganda kukiwa baridi, na ile njo inajaza ini haraka. Kule Uswidi, mwaka 2014, walitoa majibu ya vijana 39 waliokula keki ndogo kila siku kwa wiki 7, wengine keki za mawese, wengine za alizeti: wote walinenepa sawasawa, lakini wa mawese ini zao zilipata mafuta mingi zaidi. Walikuwa wanakula kupita kiasi lakini, ile usisahau. Kwa hiyo mawese haiko sumu, shida ni kipimo. Ile sombe yenye mafuta nyekundu inaelea juu kidole kizima, hapana mama! Pima na kijiko, viwili kwa sufuria ya familia, ongeza kitunguu na pilipili, ladha itabaki. Zile samaki ndogo za sambaza mupikie na nyanya badala ya kukaanga, na avoka yetu, nusu moja ku chakula, ni mafuta nzuri.

Alafu uzito. Akipunguza kilo 6 pole pole, kwa miezi kadhaa, ini itapona sana, kwa hiyo apande Kadutu kwa miguu, aachane na pikipiki.

Na umuulize munganga wake kama wamepima hepatiti B na C, zile virusi za ini, juu hizo ekografi peke yake haizioneshe, na zikiwa ndani, chakula peke yake haitatosha.