Tangi la Samaki Likianza Kunuka, Usikimbilie Ndoo

Mama mkwe wangu alishuka kutoka Kibosho Jumamosi moja ya mwezi wa pili, joto la Moshi likiwa limekaza kweli kweli. Akaingia sebuleni, nikamwamkia. Hakuitikia papo hapo. Alisimama mlangoni, akainua pua kidogo, kisha akasema polepole: "Marahaba. Baba Neema, humu ndani hakuna panya aliyekufa?"

Hapakuwa na panya. Kulikuwa na tangi langu la samaki, sentimita 80 kwa 35 kwa 40, lita kama 112 likijaa pomoni, na pua yangu ilishalizoea hata ikaacha kusikia chochote. Mwenye nyumba ndiye wa mwisho kujua. Siku hizi nikitaka kulikagua, natoka nje robo saa nzima, nikirudi nanusa kabla sijaketi.

Siku ile aibu ndiyo iliyonitawala. Mama hajamaliza chai, mimi nimeshahamishia samaki kwenye beseni, maji yote nimeyamwaga kwenye migomba, mchanga nimeuanika juani, na sponji ya filta nimeifua kwa sabuni ya unga, nikaisuuza bombani mpaka ikarudia rangi yake ya dukani. Jioni tangi linang'aa. Nikajaza maji ya bomba moja kwa moja, nikarudisha samaki, nikajipongeza. Siku ya nne maji yakawa meupe kama uji wa mchele, samaki wanapumulia juu kabisa midomo wazi, na harufu imerudi kali kuliko ile ya kwanza. Kati ya samaki wa dhahabu tisa nikabaki na wanne.

Nilichokiua kwanza hakikuwa samaki. Kinyesi cha samaki na chakula kilichobaki huoza na kutoa amonia, ambayo ni sumu. Kuna bakteria wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitreti, ambayo samaki huivumilia mradi isijikusanye mno. Bakteria hao huishi zaidi kwenye sponji, kwenye mchanga na kwenye vioo kuliko ndani ya maji yenyewe. Sabuni, klorini ya bombani na jua la mchana vikawamaliza wote siku moja. Kujijenga upya huchukua wiki nne hadi sita, na muda wote huo samaki wanakunya kama kawaida.

Ndiyo maana sasa nanusa kwanza. Kila harufu inatoka mahali pake.

Iliyonisumbua zaidi ni ya mayai viza. Ukiisikia hiyo, usipoteze muda na maji, angalia chini. Mimi nilikuwa nimemwaga mchanga wa ujenzi uliobaki kwa jirani, laini, kina cha sentimita tisa, kwa kuwa niliona unapendeza. Mchanga laini ukizidi kama sentimita tano bila kuguswa, hewa haifiki chini. Huko wanabaki bakteria wasiohitaji oksijeni, nao hutoa gesi ya haidrojeni salfaidi, ndiyo inayonuka mayai viza, na ni sumu kali kwa samaki. Utaujua mchanga huo kwa kuutazama kupitia kioo cha pembeni: una mabaka meusi. Ukiuchoma kwa kijiti, mapovu yanapanda, na yakipasuka juu unaisikia harufu yenyewe.

Hapa watu hukosea kama nilivyokosea. Wanaingiza mkono na kuvuruga mchanga wote kwa hasira, gesi inatoka kwa mkupuo mmoja na samaki wanalala ubavu. Mimi niliutoa kwa awamu. Niliweka samaki kwenye ndoo yenye maji ya tangi lenyewe, pampu ya hewa ikifanya kazi, nikanyonya theluthi moja ya mchanga kwa mpira wa maji, nikasubiri wiki, nikanyonya theluthi nyingine. Nilichobakiza hakizidi sentimita tatu, na kila wiki napitisha mpira humo kuvuta uchafu. Kama una roho nyepesi, weka changarawe badala ya mchanga laini, maji yanapita vizuri zaidi katikati yake.

Harufu ya pili ni ya sokoni, ile ya kona ya dagaa saa nane mchana. Chanzo chake kwangu kilikuwa dagaa kweli. Nilikuwa nasaga dagaa wakavu kuwa unga ili kupunguza gharama ya chakula cha dukani. Si wazo baya, lakini unga ule una mafuta, na mafuta yanapanda juu na kufanya utando unaometameta rangi rangi. Utando huo unazuia hewa kuingia majini, na wenyewe unavunda. Tandaza karatasi laini ya jikoni juu ya maji, iache inyonye, ivute taratibu kwa upande mmoja. Rudia mara tatu nne. Kisha elekeza mdomo wa filta uchezeshe maji ya juu ili utando usipate nafasi ya kukaa.

Ila utando ulikuwa dalili tu. Samaki wangu walikuwa wanakula mara saba kwa siku. Neema kabla ya shule na baada ya shule, mama yake akipita, mimi usiku, na mama mkwe akija anawaongezea ugali kidogo, kwa sababu kwake mgeni haketi mahali huku wenyeji wanamtazama kwa njaa. Na samaki wa dhahabu hana tumbo la kuhifadhi chakula kama wewe na mimi, kwa hiyo ataomba kila anapoona kivuli cha mtu. Kuomba kwake kusikudanganye. Wape wanachoweza kumaliza ndani ya dakika mbili au tatu, basi, na siku moja katika wiki wasile kabisa.

Haya, umeme. Hii ni ya kwetu sote na ndiyo inayowachanganya wengi, maana tangi lilikuwa safi jana na leo linanuka mtaro. Umeme ukikatika filta inasimama. Kama ni filta ya kufungwa, ile yenye chombo chake, maji yaliyomo ndani hayatembei, bakteria wanaitumia oksijeni iliyomo mpaka inaisha, wanaanza kufa na kuoza. Umeme ukirudi, pampu inausukuma ule mchuzi mweusi wote tangini. Nilishaamka saa kumi na moja alfajiri kwa sababu ya harufu hiyo tu. Sasa nina utaratibu: umeme ukizimika nachomoa filta ukutani. Zikipita saa kadhaa nafungua chombo, namwaga maji yake nje, nasuuza sponji kwenye ndoo ya maji ya tangi, ndipo nawasha. Katikati ya giza nawapa samaki hewa kwa pampu ndogo inayochajiwa, na kabla sijainunua nilikuwa nachota maji kwa jagi na kuyamimina kutoka juu, jagi kumi kila nusu saa. Inachosha, lakini inaokoa.

Mambo haya yote huwa mabaya zaidi Januari na Februari, na si kwa bahati mbaya. Usawa wa bahari, maji ya nyuzi 20 hubeba takriban miligramu 9 za oksijeni kwa lita, na yakifika nyuzi 30 yanabaki na 7 na ushei. Moshi tuko juu, kwa hiyo tunaanza na pungufu ya hapo. Kipimajoto changu kilisoma 28 siku ile ya panya. Kinachooza kinaoza haraka, na hewa yenyewe haitoshi.

Harufu nyingine nitazipitia kwa haraka. Ikinuka kama choo cha stendi, hiyo ni amonia yenyewe na samaki wako hoi tayari: badilisha robo hadi nusu ya maji saa hiyo hiyo, usisubiri Jumamosi. Ikinuka kinamasi na ukaona utando wa kijani unaoelekea bluu, unaobanduka vipande vipande kama malai ya maziwa, huo ni saianobakteria, bakteria wanaoishi kwa mwanga. Uvute kwa mpira, funika tangi kwa blanketi siku tatu bila mwanga huku pampu ya hewa ikiendelea, halafu liondoe karibu na dirisha.

Na harufu ya mzoga inayokuja ghafla? Hesabu samaki. Akikosekana mmoja, tafuta nyuma ya filta na chini ya mawe. Kama wote wapo, tafuta konokono, maana konokono mmoja aliyekufa ananuka kuliko samaki watatu. Na hapa niingize neno: usiokote konokono wala majani mtoni au kwenye mifereji ya mpunga ukaleta nyumbani kupambia tangi. Konokono wa maji baridi ndio wanaobeba vimelea vya kichocho, na vimelea hivyo hupenya ngozi. Mkono unaosafisha tangi ni wako, na wa mtoto anayependa kuchezea maji.

Rafiki alinishauri nitumbukize mkaa. Mkaa maalumu wa kuchujia hunyonya harufu kweli, kwa wiki chache, lakini mchanga mweusi unabaki pale pale chini yake, na mkaa wa jikoni si huo.

Kuna mara nyingine tangi halina kosa kabisa. Mwaka jana nilihangaika wiki mbili, nabadilisha maji, nasafisha, harufu ya uvundo ipo tu. Ilikuwa meza. Mbao zile za kubandikwa, maji yanadondoka kidogo kidogo nikiwa najaza, yameingia chini ya tangi na kuota ukungu. Pitisha kiganja chini na nyuma kabla hujamlaumu samaki.

Kazi yangu ya wiki sasa haizidi dakika arobaini. Ijumaa usiku nachota ndoo mbili za maji na kuziacha wazi, klorini iondoke. Jumamosi navuta robo ya maji pamoja na uchafu wa chini, sponji naikamua mara mbili tatu kwenye hayo hayo maji niliyovuta, bila sabuni, na ikibaki na rangi ya kahawia naiacha hivyo hivyo. Nikifungua kifuniko nasikia harufu nyepesi ya udongo uliolowa, na hiyo ndiyo ya tangi lenye afya.

Lililokuwa gumu ni mama mkwe. Utamwambiaje mama aliyekupa mke kwamba asilishe samaki? Kopo la chakula nimelificha kabatini, na asubuhi namimina kipimo cha siku kwenye kizibo cha soda, nakiweka kando ya tangi. Akija, kizibo ni chake, Neema hagusi. Tatizo ni Ijumaa, siku ya samaki kufunga. Anakaa kwenye kochi, anawatazama wanavyomfuata kioo hadi kioo, anatikisa kichwa. "Baba Neema, hata mfungwa anakula." Kisha, baada ya muda, kwa sauti ya mtu anayeuliza jambo la kawaida kabisa: "Na hawa wanafika lini ukubwa wa kukaanga?"